Bega la Kushoto

Mhariri alimpa kile kitabu Jumatatu, akakisukuma mezani kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza sahani ya jana. "Maneno mia nane, Mwalimu. Na tafadhali, usinitafutie ugomvi na watu wa mahakama. Sema kimeandikwa vizuri, sema kinahuzunisha, basi."

Walimwita Mwalimu hata pale gazetini, kwa sababu asubuhi alifundisha sekondari na safu yake ya vitabu aliiandika jioni, kwa malipo yaliyofika yalipojisikia kufika. Kitabu chenyewe kilihusu watu waliofungwa kwa makosa yasiyo yao. Mwandishi alikuwa wakili. Sura tisa, kila sura mfungwa mmoja. Sura sita za kwanza Mwalimu alizisoma kalamu nyekundu mkononi, kama anavyosahihisha insha, akitia alama kila mahali wakili alipolia sana na kueleza kidogo. Alipofika sura ya saba kalamu ilimdondoka.

Sura hiyo ilimhusu mpaka rangi aliyefungwa maisha kwa kumuua mwenye duka la vitambaa. Miaka kumi na moja yumo ndani. Kisu hakikuonekana, pesa hazikukutwa kwake, damu haikuwa kwenye nguo zake. Shahidi alikuwa mmoja tu: fundi cherehani aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akamwona muuaji akikimbia. Polisi waliwapanga watu wanane mstari mmoja, wakamleta fundi achague, naye akaenda moja kwa moja kumgusa mpaka rangi. Kesini mpaka rangi alipiga kelele kizimbani: "Fundi, si wewe ulinipima koti? Si unanijua?" Fundi akajibu kwamba hamjui. Kisha, ukurasa wa mia na kumi na mbili, wakili akaandika hivi: "Miezi miwili baada ya hukumu, fundi huyo alihamia kwenye kibaraza cha duka la marehemu, ambako hajalipa kodi hadi leo. Bei ya ushahidi ule msomaji aijaze mwenyewe."

Fundi huyo ni baba yake Mwalimu. Baba mzazi, ambaye dakika ile ile alikuwa sebuleni anabishana na mkewe kama redio imekufa betri au imekufa yenyewe.

"Mshenzi mkubwa!" Mwalimu akasema kwa sauti.

"Nani tena?" mama yake akauliza kutoka kule.

"Mwandishi."

"Aa." Mama alishazoea. Haikupita wiki bila binti yake kumtukana mwandishi mmoja, na wote mpaka leo wazima.

Jioni ile ile Mwalimu aliandika hakiki yake kwa mkupuo mmoja, mashavu yamempanda moto. Aliandika kwamba haki haitetewi kwa dhuluma. Kwamba wakili anayewalilia wasio na hatia amemhukumu fundi maskini bila hata kumgongea mlango. Kwamba kitabu kinachosahau kuuliza upande wa pili kinafanana na mahakama kinazozilaumu. Maneno mia nane na kumi na mbili. Akayasoma mara mbili, akajipenda. Tusidanganyane, kuna raha kuandika ukiwa na hasira na ukiwa na haki kwa pamoja.

*

Kesho yake alipotoka shule alipitia kibarazani amsomee baba yake. Alitaka amfurahishe.

Fundi alikuwa ameinamia gauni, futi shingoni, pini nne mdomoni. Kuna jambo moja kuhusu Fundi ambalo mtaa mzima ulilijua na kulichekea: hakuwa na macho ya sura za watu. Mtu aliweza kumletea kitambaa Jumatatu, akapita Jumatano akamsalimia, Fundi akajibu kama anayemjibu mgeni. Lakini mtu huyo akigeuka kuondoka tu, Fundi angemwita: "Aa, wewe! Suruali yako tayari!" Aliwahi kupishana na shemeji yake barabarani bila salamu, ikawa kesi ya familia nzima. Alijitetea kwamba shemeji alimjia kwa mbele.

Mwalimu alimsomea hakiki yote. Cherehani ilienda, ikapunguza mwendo, ikasimama. Fundi akatema pini moja moja kwenye kiganja.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, baba?"

"Hayo ya kunisifu."

"Si nakusifu, nakutetea. Mtu kakuita mla rushwa mbele ya dunia! Nani alikununua?"

"Hakuna aliyeninunua. Mama mwenye duka alinipa kibaraza kwa roho yake, baada ya kesi kwisha. Sikuomba."

"Basi mwandishi amekosea."

"Hapo amekosea."

Mwalimu alifundisha watoto wa watu kusoma kilichoandikwa na kile kisichoandikwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Wapi hajakosea?"

Fundi aliangalia ndani ya duka kwanza, ambako mjane wa yule mwenye duka alikuwa anampimia mteja kitambaa cha pazia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na mambo yenyewe yalimtoka kwa mpangilio, kama aliyekuwa anayarudia moyoni miaka yote.

Alipohamia kibarazani hakutaka kuhama na takataka. Kulikuwa na nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata, na kanuni yake ilikuwa imeandikwa ukutani: miezi mitatu ikipita, nguo inauzwa. Moja ilikuwa koti la kijivu, limening'inia zaidi ya mwaka. Akapata mnunuzi. Mnunuzi akalivaa, upande wa kushoto ukamlegea, kama koti limelala. Fundi akaona haya, maana yeye hashoni ovyo. Akafungua daftari la vipimo aone alikosea wapi. Akakuta mwandiko wake mwenyewe: *Mpaka rangi, koti la kijivu, bega la kushoto liko chini kidole kimoja.* Na tarehe, wiki mbili kabla ya mauaji.

"Ni ngazi," Fundi alisema. "Amebeba ngazi na ndoo upande mmoja tangu ujana. Bega likashuka. Siku ya gwaride la utambuzi, wale wanane walisimama, mimi sura hata sikuziona. Nililiona lile bega. Nikasema moyoni, huyu namjua. Na kweli nilikuwa namjua, mwanangu. Nilidhani namjua kwa ubaya."

"Na yule aliyekimbia?"

"Aliyekimbia nilimwona mgongo, giza linaingia. Sikumbuki hata alikuwa na mabega gani."

"Kizimbani alikukumbusha. Alikuambia ulimpima koti."

"Nikadhani ananitega. Niliwapima mamia. Niliapa na nilichokisema nilikiamini."

"Na ulipoliona daftari? Ulifanya nini?"

Fundi alilitazama gauni lililokuwa mapajani pake. "Nililifumua lile bega, nikalishona likawa sawa na la kulia. Nikaliuza."

"Lini hiyo?"

"Mwezi wa kwanza hapa. Mvua zilikuwa hazijaanza. Wewe ulikuwa kidato cha pili." Mwalimu mwenyewe alijua hicho kidato cha pili, cha tatu, cha nne na chuo vilitoka wapi. Vilitoka pale alipokuwa amekaa.

*

Nyumbani, walipomweleza, mama hakushangaa sana. "Nilijua kuna kitu," alisema. "Mwanamume akiacha kukoroma ghafla, kuna kitu. Nikadhani ni mwanamke. Nikashukuru kumbe si mwanamke." Akacheka peke yake, kisha cheko likamkauka.

"Mama, kuna mtu jela."

"Nimesikia. Na mimi nina mtu hapa mezani. Mzee wa miaka sitini na tatu, kifua kibovu. Huyo umempangia nini? Wakimkamata, utampelekea sabuni wewe? Kibaraza kikienda, tutakula karatasi zako?"

"Siyo karatasi zangu. Ni..."

"Aliyemfunga si yeye! Kuna polisi, kuna jaji, kuna watu wamesoma mpaka wamevaa manywele ya bandia kichwani. Wote hao wakashindwa kuuliza daftari la fundi, leo ndiyo dhambi imtafute yeye?"

Na hapo mama alikuwa na haki kiasi, mtu asimdharau. Wakili wa kwanza, yule aliyepewa mpaka rangi na serikali, aliuliza maswali matatu tu kesi nzima, moja likiwa ni saa ngapi. Lakini dhambi ikigawanywa kwa watu kumi haimaanishi kila mmoja anabaki na sehemu ya kumi.

Mwalimu aligeuka kwa baba yake. "Ile hakiki siwezi kuipeleka. Nikiipeleka ilivyo, nimedanganya. Nikiandika ukweli, nimekuuza. Niambie wewe."

Fundi alikohoa mpaka akamaliza. "Andika ukweli," akasema. "Ila nipe siku moja. Yule mama wa dukani asije akayasoma gazetini. Chumvi yake nimeila miaka kumi na moja."

Mama alitoka akaenda uani. Walimsikia anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

*

Mjane alimsikiliza Fundi akiwa amesimama, mkasi mkononi, katikati ya marobota ya vitambaa. Hakumkatiza. Alipomaliza, alimwuliza jambo ambalo Fundi hakuwa amelifikiria hata siku moja katika miaka yote ile ya kufikiri.

"Kama si yeye, ni nani?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka kumi na moja nalala kwa sababu najua aliyemuua mume wangu yuko wapi. Najua ana ukuta pande nne. Leo unakuja hapa na daftari, unamtoa huyo. Unaniachia nani? Kila mwanamume anayeingia hapa kununua kitambaa, nimtazame vipi?"

"Nisamehe."

"Watoto wangu walikuwa wanakuita babu."

Fundi alilifunga daftari, akalitia kwapani.

"Kabla ya adhuhuri uwe umeondoka," mjane akasema. "Na usiwaambie wateja kwamba nimekufukuza. Waambie umeondoka mwenyewe. Hilo tu nifanyie."

Kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi Fundi alisimama kibarazani akiwarudishia watu nguo zao, zilizokwisha na zisizokwisha. Mwanamke mmoja aliondoka na gauni lenye mkono mmoja, analalamika mpaka kona. "Mafundi ndivyo mlivyo! Uongo ndiyo mtaji wenu!" Mwingine alimwambia kwa utani kwamba uzee umemfika, apumzike, awaachie vijana. Fundi alicheka naye. Mkokoteni ulipofika kuchukua cherehani, mjane alitoka na ufagio, akafagia vipande vya nyuzi alipokuwa anakaa, akafagia tena palipokuwa pameshafagiwa. Hawakuagana.

*

Namba ya wakili ilikuwa nyuma ya kitabu, chini ya picha yake akiwa amekunja mikono. Ofisi yenyewe haikufanana na picha: chumba kimoja juu ya duka la simu, mafaili sakafuni, feni inayoning'inia bila kuzunguka. Wakili alipojua ni nani aliyeketi mbele yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mzee, nilikuandika vibaya."

"Ukurasa wa mia na kumi na mbili," Fundi alisema. "Binti yangu alinisomea."

"Nilikutafuta..."

"Nilikuwa kibarazani," Fundi akasema, bila ubaya. "Kila siku isipokuwa Jumapili."

Mwalimu aliona masikio ya wakili yanabadilika rangi na, Mungu amsamehe, akafurahi kidogo.

Daftari lilipowekwa mezani wakili alisahau aibu yake. Aliusoma ule mstari, akaupiga picha, akausoma tena. Alieleza kwamba atapeleka maombi kesi iangaliwe upya, na kwamba daftari peke yake ni karatasi, linahitaji kiapo cha mwenyewe. Akaanza kuandika. Alipofika mahali fulani kalamu ikasimama.

"Mzee, nakushauri kama baba yangu. Usiniambie ulijua lini. Mimi nitaandika hivi: ulipohama kibarazani wiki hii, ukipanga vitu vyako, ukalikuta daftari la zamani. Umeelewa? Ukisema hivyo, wewe ni mzee mwaminifu aliyekosea. Ukisema vingine, watu wa mashtaka watakurukia, shauri litakuwa lako badala ya lake. Na wanaweza kukufungulia kesi."

Fundi alimtazama binti yake. Mwalimu, aliyekuwa amekuja na hakiki mpya mkobani ikisema *alikosea, kisha akanyamaza*, aliinamisha macho. Kifua cha baba yake kilikuwa kinapiga miluzi baada ya ngazi zile. Akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, yeye mwenyewe, mkali wa waandishi waongo.

Fundi akaapa, akasaini.

Hakiki nayo haikutoka. Mhariri aliisoma, akavua miwani. "Hii si hakiki, hii ni kesi," akasema. "Mimi gazeti langu lina watu kumi na nne wanaokula." Akampa kitabu kingine kuhusu ufugaji wa kuku, akamwambia hicho hakina adui.

*

Wiki tatu zilipita. Fundi alishonea sebuleni, wateja wawili watatu, wengi wakiwa wa viraka. Meza ya kulia ikawa ya kukatia, wakawa wanakula sahani zikiwa magotini. Mama alimsemesha binti yake kwa mambo ya lazima tu: chumvi, maji, mlango. Lakini kila asubuhi alimpulizia mumewe makaa ya pasi, akamwachia chai pembeni.

Jumamosi mchana wakili akapiga hodi. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Mama alimpa kiti, hakumpa tabasamu.

"Nimetoka gerezani," akasema. "Maombi yamepokelewa. Nimemweleza yote."

"Alisemaje?" Mwalimu akauliza.

"Nilidhani atalia. Wengine hulia, wengine hunishika mikono. Yeye alisubiri mpaka askari akatuambia muda umebaki kidogo. Halafu akaniuliza swali moja tu. Akasema, huyo fundi alijua lini?"

Fundi alikuwa na kitambaa chini ya sindano, mguu juu ya pedali.

"Nikamwambia kama kiapo kinavyosema. Wiki ile aliyohama." Wakili alijifuta uso. "Akanitazama. Akasema, nenda kaniulizie tena."

"Kuna haja gani?" mama akaingilia. "Si anatoka? Tarehe itamsaidia nini?"

"Mama, mkewe aliolewa na mtu mwingine mwaka wake wa nne ndani. Mama yake alikufa mwaka wa saba. Nadhani anataka kujua hayo ayaweke kwenye hesabu ya nani." Wakili akamgeukia Fundi. "Sikulazimishi, mzee. Ninaweza kumwambia jibu ni lile lile. Mimi na wewe tutakuwa tumemaliza, na wewe utabaki salama. Hilo nakwambia kama wakili."

Fundi aliutoa mguu kwenye pedali.

"Mwambie mwaka ule ule aliohukumiwa," Fundi alisema. "Mwambie mvua zilikuwa hazijaanza. Mkewe alikuwa bado wake. Mama yake alikuwa hai. Mwambie nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimepata mahali pazuri pa kukaa."

"Mzee, kiapo kinasema vingine."

"Basi kiapo ni cha uongo. Andika kingine."

"Nikiandika hicho unaweza kuingia ndani wewe. Na umri wako, na kifua hicho..."

"Andika."

Wakili alimtazama Mwalimu amsaidie. Mwalimu alikuwa analia, wala hakuficha. Akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu, akatafuta mahali pa kuviweka, lakini meza yote ilikuwa imejaa vitambaa.

Mama akainuka. Alikusanya vile vitambaa kwa mikono miwili, akavitupa juu ya kiti, akapangusa meza kwa upindo wa kanga.

"Haya," akamwambia wakili, bila kumtazama mumewe. "Kaa hapa uandike vizuri."